Kumi na Saba ni Laini

9 Januari

Kwako Chiriku wangu,

Tu wazima, isipokuwa sikio langu la kulia, ambalo sasa limefunga duka kabisa. Kwa hiyo usipige simu ukapiga kelele mpaka majirani zako wakuonee huruma, andika. Miaka ishirini na sita ya mashine za kiwandani inatosha kumaliza sikio la mtu. Baba yako yupo. Leo ameshinda chini ya sinki la watu tangu asubuhi, na bila shaka atarudi ananuka kutu. Anasema nikwambie usome. Mpangaji wa chumba cha mbele amehama, ametuachia paka, na paka mwenyewe ana kiburi kuliko aliyemfuga.

Sasa nina jambo. Mwaka wa tatu huu unaniambia unapima nyama za wagonjwa, na mwaka wa tatu nakucheka kwamba umesoma kote huko ili uje kubonyezabonyeza nyama kama mteja buchani. Nimekaa nikaona si haki. Niambie hasa unafanya nini. Hizo nyama mnazipata wapi, zinatoka hospitali gani, na mnajuaje hii ni ya nani? Nieleze pole pole, kama unavyomweleza mtu aliyezeekea kwenye meza ya kukagua vitambaa, si kama unavyowaeleza hao wakubwa zako.

Na usimsumbue baba yako kwa simu wiki hii, ana kazi nyingi.

Shangazi yako


22 Januari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido, nikaisoma tena, na nitakuambia ukweli, machozi yalinitoka. Mimi mzima, nakula, ingawa chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta. Pole kwa sikio. Paka mpe samaki, kiburi kitashuka.

Kazi yangu iko chini ya jengo, kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa sababu mtu akipita juu na viatu vya kisigino kipimo kinaharibika. Meza yenyewe imeelea juu ya mito ya hewa. Tukianza kupima tunazima kiyoyozi na hakuna kuongea, kwa hiyo unaweza kuona jinsi ninavyoteseka. Kuna kimkono chembamba kuliko ukope, na mwishoni mwake kuna ncha isiyoonekana kwa macho. Kipande cha nyama, kidogo kama punje ya mchele, kimelala kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Ncha inashuka, inakibonyeza kidogo mno, inapanda, inasogea, inashuka tena, mara elfu na zaidi. Mwanga mwekundu unaopigwa mgongoni mwa kimkono ndio unaotuambia kimepinda kiasi gani, na hapo tunajua mahali pale pamekaza au pamelegea. Si ndivyo ulivyokuwa ukifanya wewe? Ulikuwa ukipitisha kidole juu ya kitambaa, pakiwa pamezidi wanga unasema "hapa". Tofauti ni kwamba kidole changu kinapata mshahara mdogo.

Mimi napima vibofu vya mkojo, usinicheke. Kwa kawaida nyama ikiugua hukaza, inaota makovu. Vipande vinakuja kwenye maboksi ya barafu kutoka hospitali tatu, kimoja kimoja, daktari akishavikata, na ya kwenu ni mojawapo. Haviji na jina. Vinakuja na namba tu, na anayejua namba ni ya nani ni hospitali na mgonjwa mwenyewe, basi.

Hujawahi kuniuliza swali zuri namna hii. Uliza tena.

Chiriku


6 Februari

Kwako Chiriku,

Marahaba mwanangu. Samaki paka amekula, kiburi kimeongezeka. Baba yako alikuwa na homa kidogo, imepita. Yupo hapa anarekebisha redio ambayo haijaharibika.

Umeeleza vizuri. Nimekaa na barua yako kutwa nzima, na vidole vyangu vikawa vinatembea vyenyewe mezani. Pale kiwandani walinipa hata taa ya kukagulia nikaikataa, macho hudanganywa na rangi. Wanga ukizidi, kitambaa kinasimama kama karatasi na daraja linashuka. Kikiwa laini, kikamwagika mkononi, hicho ni daraja la kwanza, hata kama rangi yake ni ya ajabu.

Sasa nataka mfano. Usichague wewe, utaniletea kile cha kujisifia. Nachagua mimi: kumi na saba. Nilianza kazi kiwandani tarehe kumi na saba, ni namba yangu. Niambie tu kama kimekaza au hakikukaza. Sihitaji kingine.

Shangazi yako


20 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini umeamka salama, wewe na Baba na huyo mpangaji mwenye mkia. Baba simwelewi. Jumapili nilipiga simu, akasema "mimi mzima" kabla sijamuuliza. Mwambie salamu huanza na mwenye kupiga.

Haya, una mkono wa bahati. Sharti la hapa ni kwamba hatusimulii vipande, lakini namba si mtu na wewe si gazeti. Umechagua kile nikipendacho kuliko vyote! Kumi na saba kilifika katikati ya Desemba, siku nilipokuwa nimekata tamaa na mashine. Niliposhusha ncha nilidhani nimekosea, maana ilizama kama kwenye unga uliochekechwa. Nikarudia upande mwingine, hivyo hivyo. Ni laini, Shangazi, laini kuliko vyote thelathini na viwili nilivyopima. Msimamizi wangu, mtu asiyecheka hata akifurahi, aliita wenzake kutoka ghorofani waje kuona mchoro. Nilipiga makofi peke yangu mle chini, chumba kile ambacho hatuongei. Ni kipande kizuri sana. Ndicho kitakachobeba tasnifu yangu yote.

Maana yake ni ndefu kidogo, nitakueleza barua ijayo, kwa sababu mtu wa barafu yuko mlangoni na boksi na hasubiri.

Chiriku


3 Machi

Chiriku wangu, roho yangu,

Sisi wazima sana. Mungu akupe miaka mingi na kila mlango uugusao ufunguke.

Laini. Nimelisoma neno hilo nikatoka nje kupunga upepo. Hiyo maana ndefu baki nayo wewe na wasomi wenzako, mimi nimeshaelewa ninachotaka kuelewa. Nimekufungia kitambaa cha gauni. Kipitishe mkononi kabla ya kumpa fundi, utajua shangazi yako bado hajazeeka vidole. Baba yako leo amekula akamaliza, akanitania mpaka nikamfukuza jikoni. Anakusalimu.

Usimwambie mtu kwamba nilikuuliza. Ni mambo yetu sisi wawili.

Shangazi yako


14 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Hii ni barua ya pili. Ya Machi hukuijibu, kwa hiyo sijui kama ilipotea au wewe ndiye uliyepotea. Kitambaa nilikipokea na nimeshakishona, kila mtu ananiuliza nimekitoa wapi. Mimi ni mzima, nina mafua tu.

Lakini nimekuwa nikijiuliza, na usikasirike. Zawadi ile ilikuwa ya nini? Hukunipa zawadi nilipomaliza shahada ya kwanza, ulinipa ushauri. Halafu unaniambia nisimwambie mtu. Nimwambie nini, kwamba shangazi yangu amefurahia kipande cha nyama? Baba kwenye simu ni "mzima", "mzima", kisha anasema mtu anamwita. Mara ya mwisho nilisikia akishusha pumzi kama aliyebeba kitu kizito. Nilimuuliza, akasema ni bomba la chuma. Jumapili saa tatu asubuhi.

Kuna nini hapo nyumbani? Mimi si mtoto wa kupewa pipi ninyamaze.

Chiriku


2 Mei

Kwako binti ya kaka yangu,

Nakusalimu. Nimeanza barua hii mara nne. Barua zako mbili zote zilifika.

Baba yako ni mgonjwa. Mwezi wa kumi na moja alianza kukojoa damu akanyamaza, mpaka nilipoona mwenyewe chooni. Nikampeleka hospitali kwa kumvuta. Daktari aliingiza bomba lenye taa, na baba yako akasema miaka yote ni yeye anayeingiza mabomba kwa watu, leo wamelipiza. Wakanyofoa kipande. Mwanzoni mwa shughuli walileta karatasi ya kuomba ruhusa kipande kikafanyiwe utafiti, akatia sahihi bila kusoma. Mimi nilisoma. Chini yake palikuwa na jina la chuo chako, na pembeni stika ya namba. Kumi na saba.

Aliniapisha usijue. Alisema ungeacha masomo ukarudi kufua mashuka, na pia sehemu zile mtu hazizungumzi na binti yake. Nikaapa. Majibu aliingia kuyasikia peke yake, akatoka akaniambia bado wanapima kama nyama ni mbaya au si mbaya, hakuna lililoamuliwa. Siku zikapita, hakuna aliyetuambia kitu. Nikaona jibu liko kwako, umelikalia bila kujua. Ndipo nikakuandikia.

Barua yako ilipokuja nilimpelekea mbio. Alisema, "Basi, kama ni laini, yamekwisha." Februari daktari alikuwa amempangia siku ya kurudi, ilikuwa imempita kwa homa, nami nikawa nataka nimwombee nyingine. Baada ya barua yako tukaacha. Mimi ndiye niliyesema tuache, nikitaja neno lako.

Sasa damu imerudi. Amekonda, suruali anafunga kwa kamba, na mgongo unamuuma kiasi kwamba anakwenda kukaa kwenye kiti cha kuegemea cha kinyozi jirani badala ya chake. Nakuuliza wewe uliyesoma: kitu kilichokuwa laini kinawezaje kumfanya mtu hivi?

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Leo sina salamu.

Kwanza lililo la haraka. Mpelekeni hospitali siku mtakayopokea barua hii, si kesho yake. Nimempigia Baba mara tisa, hapokei. Nimempigia daktari wa hapo, amesema hawezi kuongea nami bila ruhusa ya mgonjwa, na ana haki. Naandika na kuipa dereva wa basi la asubuhi aikabidhi mkononi mwako.

La pili ni jibu la swali lako. Uvimbe ukiugusa kwa kidole ni mgumu, ndiyo, na ndiyo maana watu wote hudhani ugumu ndio ugonjwa. Lakini sisi ncha yetu inashuka ndani zaidi, juu ya chembe hai moja moja, hizo mnazosikia zikiitwa seli. Chembe nzima hushikana na wenzake, imejikaza mahali pake. Ile ya saratani imeachia. Ni laini, na kwa kuwa ni laini inajipenyeza kila mwanya mpaka ihame ilipozaliwa. Mengine yote yanaweza kukaza, makovu, ini, mishipa. Chembe hii ni kinyume. Kipande kilicho laini kuliko vyote ni kibaya kuliko vyote. Hiyo ndiyo ile maana ndefu. Nilipokiita kizuri nilimaanisha kizuri kwa kupima, vile wewe ulivyokuwa ukimwita mwanafunzi aje kuona tundu zuri kwenye jora.

Nilipiga makofi. Sikujua ni ya nani, lakini wewe ulijua, na ulisoma kwamba nilimpigia makofi baba yangu akiugua, ukanitumia kitambaa cha gauni.

Miaka mitatu nilingoja mtu mmoja wa nyumbani aniulize ninafanya nini. Ulipouliza nililia, nikakwambia nililia. Hukuwa unaniuliza kazi yangu. Ulikuwa unanipekua mifuko huku umenikumbatia. Ungesema neno moja tu, "namba hii ni ya baba yako", ningekimbia kuja, na Februari angekuwa kitandani kwa daktari. Wewe uliyenilea kwa methali, ile ya mficha maradhi uliipeleka wapi?

Nami sijitoi. Nilivunja sharti kwa sababu nilifurahi kuulizwa. Nimekwenda kwa msimamizi nimemweleza yote. Amechukua ufunguo wa chumba mpaka baraza likae. Hakunifokea, na hilo limeniumiza zaidi.

Gauni lile nimelivua.


17 Mei

Chiriku,

Nimepokea. Dereva alinipa mkononi kama ulivyomwagiza.

Sina utetezi. Miaka ishirini na sita laini ilikuwa daraja la kwanza, na sikuwahi kukutana na pahali ambapo ulaini ni ubaya. Nilijiona nina akili sana kuchagua namba kwa ujanja. Ningekuwa mjinga kidogo ningeuliza maana.

Baba yako nilimsomea sehemu ya ugonjwa. Ya makofi nimeiruka. Alikuwa ananawa mikono, akaendelea kunawa hadi nilipomaliza, akajifuta, akasema kesho twende. Hakushangaa wala hakuniuliza kitu. Nikasema moyoni huyu ni mwanamume kweli. Hospitali wametupokea vizuri, lakini wamesema mashine ya kupiga picha mwili mzima iko kwenu. Atafika Alhamisi kwa basi la asubuhi. Anatembelea fimbo na hataki ionekane, kwa hiyo ukimwona jifanye huioni.

Nimemuua kaka yangu kwa neno moja. Wewe sema tu, usinihurumie, nimeshajisema mwenyewe kila ninapopita chumbani kwake.

Shangazi yako


20 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimerudia kukusalimu, usilichukulie kuwa ni msamaha. Niko naye wodini, kitanda cha nne kutoka mlangoni. Asubuhi anakunywa uji na kulalamika kwamba bomba la ukutani linadondosha. Juzi alitaka kulikaza kwa kijiko, muuguzi akamrudisha kitandani akimwita "mzee wetu", jambo lililomuudhi mno.

Picha zimetoka. Ugonjwa umetoka kwenye kibofu, umeingia kwenye uti wa mgongo. Kupasua hakutasaidia tena. Watampa dawa za kuuchelewesha na za maumivu. Daktari hakutaja miezi, nami sikumuuliza.

Baba alitoa ruhusa nisome faili lake. Nadhani alisahau kilichokuwa ndani, au alichoka. Mwezi wa kumi na mbili, kwa mwandiko wa daktari wa huko kwenu, imeandikwa kwamba mgonjwa ameelezwa yote: ni saratani, imeingia kwenye msuli, kibofu kiondolewe, mkojo utoke kwa mfuko ubavuni. Siku ya upasuaji ni tatu Februari. Chini yake, mgonjwa ameomba muda wa kufikiri. Hapakuwa na kipimo chochote kilichokuwa kinangojwa, Shangazi. Kumi na saba yangu haikuwa ya kuamua chochote. Ilikuwa ya tasnifu yangu tu.

Nilikwenda na faili mpaka kitandani nikamuuliza. Alitazama bomba lile la ukutani, akasema:

"Nilijua tangu Desemba. Nisingeweza, mwanangu. Niingie jikoni kwa watu nimwambie mama mwenye nyumba asogee, huku nimening'iniza mkojo wangu ubavuni. Februari homa sikuwa nayo, nililala tu. Halafu shangazi yako akaja na barua yako, anacheka, anasema laini, laini. Mimi sijui laini ni nini, lakini nilijua daktari alichoniambia. Nikaona ameniletea ruhusa. Nikaichukua."

Nikamuuliza alipokuona unalia baada ya barua yangu ya Mei, unajiita muuaji, kwa nini hakusema. Akasema aliona aibu. Akaniomba nisikwambie. Alisema afadhali ubaki unadhani ni kosa la neno, kwa kuwa kosa la neno utalisahau, lakini ukijua alikuacha ushangilie peke yako hutamsamehe.

Nilitoka nikaenda kukaa kituo cha basi na mabasi matatu yakapita. Nimemkasirikia kiasi kwamba bado namlisha kwa kijiko bila kumwangalia usoni. Ulinidanganya kwa ajili yake, naye alikuwa anakudanganya wewe, na mimi niliye msomi wa nyumba nilikuwa wa mwisho kujua na wa kwanza kupiga makofi. Kila mmoja ameniomba ninyamaze. Wewe uliniomba Machi, yeye ameniomba Juni. Nimechoka kuombwa.

Hukumuua kwa neno. Neno lako lilifika mlango ukiwa umeshafungwa. Sikwambii ili nikufariji, bado nimekukasirikia, na siku nikipata nafasi nitakuja kukuambia usoni, upande wa sikio linalosikia. Nakwambia kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Njoo umwone. Kitanda cha nne.

Barua hii nimemsomea Baba yote kabla ya kuifunga. Hakuipenda. Naituma.

Chiriku